Jenerali Hafi kwa Upele

Karibu na Runyenjes, Embu
7 Februari 1955

Kwa Mjomba Mithika,

U hali gani huko kwenye baridi ya Timau? Kifua kimetulia? Sisi huku tuko hai, hata wasiopenda wanajua. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kimeru changu unakicheka, na pia wanaotufungulia barua wasipate taabu. Hamjambo, wasomaji?

Mjomba, tangu tuhamishiwe kwa nguvu kijiji hiki cha kubanana, Jenerali, mbwa wa mume wangu Kithaka, ameshikwa na upele. Mgongo hauna nywele, masikio ni magamba matupu, anajikuna mpaka damu. Hedimani wetu, Gitari, aliyewekwa na serikali kututawala, ametangaza kwamba mbwa wa upele wapigwe risasi.

Huyu hapigwi! Walipomtia Kithaka kizuizini, mbwa huyu ndiye aliyebaki kulala mlangoni pangu. Kithaka akirudi atamkuta. Wewe unafanya kazi kwa daktari wa mifugo, niambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Wawira


Timau
20 Februari 1955

Mpwa wangu Wawira,

Salamu zako zimefika, zimefunguliwa kama kawaida. Kifua bado kinakohoa, lakini kazini naenda. Na wewe mgongo vipi, na hilo handaki wanalowachimbisha kuzunguka kijiji? Ningekuja mwenyewe, ila pasi ya kusafiri wamenikatalia. Namtuma Njue, dereva wa lori, na kopo la unga wa salfa.

Uchanganye na mafuta ya mbarika. Mwoshe mbwa kwa sabuni, mkaushe, halafu mpake mwili mzima, si penye vidonda peke yake. Gunia analolalia lichome. Rudia kila wiki. Nywele zitaota, nawe utasema amepona. Hajapona! Hapo ndipo wenye mbwa wote wananiangusha. Wadudu wamo ndani ya ngozi, wanakungoja uchoke. Endelea mpaka mvua ndefu iishe, hata akipendeza namna gani.

Mfiche vizuri.

Mjomba wako,
Mithika


Embu
18 Aprili 1955

Mjomba wangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili, lakini roho inachemka.

Nilimfungia Jenerali nyumbani, nikamwosha kwa maji yangu ya kunywa, maana mtoni tunapelekwa na askari, tena kwa haraka. Nywele zikaota, nyekundu, zinang'aa. Basi nikaacha kumpaka. Nilisema dawa nzuri hivi nani anaimaliza? Nikaweka iliyobaki akiba. Na kwa kuwa alikuwa mzuri, nikamtoa nje bila woga.

Gitari akamwona. Akasema mbwa wa namna hii anafaa kulinda boma lake, si kwa mke wa mfungwa. Nikashika kamba, nao homugadi wawili, walinzi wake, wakaivuta, mpaka viganja vyangu vikachubuka. Akauliza jina lake. Nikasema Jenerali, kwa sauti, kijiji kizima kikasikia. Ati ni jina la wapiganaji wa msituni, nilibadilishe! Nikamwambia mwite utakavyo, uone kama atageuka.

Sikulia mbele yake. Nililia ndani, Mjomba, nililia sana. Nitamwambia nini Kithaka?

Mpwa wako,
Wawira


Timau
2 Mei 1955

Mpwa wangu,

Pole, mama. Pole kwa viganja na pole kwa moyo.

Lakini nimekukasirikia pia. Nilikuambia nini? Sasa sikiliza. Upele utarudi, na safari hii utarudi kwa Gitari, kwa mbwa wake wote. Atakuja kwako. Usimnyime dawa, mbwa hawana kosa lolote. Kuhusu yeye mwenyewe, sikufundishi la kusema, najua mdomo wako. Kopo jingine linakuja na Njue.

Mjomba wako,
Mithika


Embu
23 Julai 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kopo. Kaa chini kabla hujasoma.

Amekuja! Mbwa wake watatu wamekwisha nywele, na mwenyewe anajikuna vifundo vya mikono akidhani sioni. Akasema lete dawa. Nikasema lete Jenerali. Akasema ataniongezea siku za kuchimba handaki. Nikamwambia ongeza, hata kina ongeza, mbwa wako watakuwa bado wanajikuna. Akaondoka akitukana.

Kesho yake asubuhi Jenerali alikuja mbio, ameachiliwa, amekonda, anaburuta kamba. Safari hii nililia mbele ya kila mtu, na sikujali.

Gitari akafuata na mbwa wake watatu, akataka niwapake mimi. Nikakataa. Dawa nimempa yote anayohitaji, lakini mbwa hupakwa na mwenye mbwa; wangu nampaka mimi. Kwa hiyo kila Jumamosi hedimani hupiga magoti mlangoni pangu, mikono ya shati imekunjwa, povu mpaka viwikoni, nami nimesimama namwonyesha alipopasahau. Wanawake wakitoka handakini hupita polepole, wanamsalimia kwa heshima zote.

Mvua imeisha, nywele zimewaota mbwa wake. Jana ameniuliza kama sasa yatosha, maana watu wanamtazama.

Nimemwambia siku ya kuacha nitaisema mimi.

Mpwa wako,
Wawira