Jina Tulimpa, Usingizi Usimpe

Baba Ireri,

Nakuandikia mchana huu nikiwa barazani, na kiti chako cha kamba kina mtu. Ni Nyaga, mjukuu tuliyempa jina lako. Ametoka Kiambere na lori la ndengu, akapitia hapa kula, na sasa amelala kabla ya kuendelea hadi Embu. Anakoroma kama wewe kabisa.

Unakumbuka nilivyomwita "bwana wangu" tangu akinyonya, kama nyanya wote wa huku wanavyomtania mjukuu mwenye jina la mume? Alipoanza kukoroma, mkaza mwana wetu Wanja alipiga vigelegele, akiniita nyanya kwa lugha ya kwetu: "Cucu, mzee wako amerudi na muziki wake!" Wakasema jina limekubali. Mimi nilishindwa kucheka. Wewe ulipokoroma tulicheka, na uliponyamaza tulisema, "Sasa amepata usingizi." Hata mchana ule wa mwisho tulinyata karibu na kiti hiki tusikusumbue. Kumbe pumzi ilikuwa imeshakatika.

Ualimu haujanitoka, basi nikueleze. Nyaga alikwenda kwa daktari wa meno mjini kwa sababu ya jino lililovunjika. Daktari, mama mpole, akaona meno yamesagika na taya la chini limekaa nyuma. Akamuuliza kama anakoroma, na kama huamka amechoka. Nyaga akajibu kwa majivuno, "Nyumbani wananipigia makofi." Daktari hakucheka. Alimtuma hospitali apimwe akiwa amelala, wakakuta pumzi yake hukatika mara kwa mara.

Mtu akilala, misuli ya koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Njia ya hewa ikibanwa, nyama laini hutetemeka, na huko ndiko kukoroma. Ikizibika kabisa, mlio hukoma, na pumzi nayo. Wengine huhitaji mashine ya kuwapulizia hewa. Nyaga alitengenezewa kifaa cha kuvaa mdomoni, kilichopimwa kwa meno yake. Kinavuta taya la chini mbele kidogo, ulimi ukafuata, koo likabaki wazi. Wiki alizokivaa aliamka akiimba.

Sasa kiko hapa mbele yangu, ndani ya kikombe. Anasema taya humuuma asubuhi, na kwamba wewe ulikoroma ukaishi hadi kuona wajukuu. Nilimwambia arudi, daktari akilegeze, kisha akisogeze polepole. Akanijibu, "Bibi yangu, acha wivu." Lakini juzi alisinzia akiwa ameshika usukani, lori likakwaruza ukingo wa daraja. Amenionyesha rangi ilivyobanduka, huku akicheka. Kicheko chako hichohicho.

Funguo za lori nimezificha kwenye debe la unga. Ndengu hazitaoza. Akiamka atanipigia kelele, na mimi nitamwambia tunakwenda pamoja kwa daktari kwanza, la sivyo alale hapahapa kifaa kikiwa mdomoni.

Pumzika, mume wangu. Jina tulimpa kwa furaha. Usingizi wako usimpe, nakuomba, baki nao huko. Nami nakuahidi: maadamu nina masikio, sitashukuru tena kimya cha mtu aliyelala.

Wanja anapita na karai, ananiashiria nisipige kelele. Anatabasamu.

Nyaga amenyamaza.

Kwaheri, Baba Ireri. Naweka kalamu chini, naenda kumwamsha.