Anzeni na Duka Langu

Alhamisi. Jilaal imekaza, ndicho kiangazi cha huku Garissa, na upepo wa leo umetoka upande wa Wajir na vumbi la njia nzima. Nimefagia duka mara tatu, mwisho nikauacha ufagio ukae. Naandika jua lingali juu, kwa sababu tangu hali ya hatari itangazwe, taa ya dirishani baada ya magharibi huwaita askari, na askari wa siku hizi hawapigi hodi.

Nina hasira. Acha niliseme hilo kwanza, nipate kupumua.

Adhuhuri lori za Haji Guled zimeingia kutoka Nairobi, zimesindikizwa na jeshi mbele na nyuma, maana njia ile haina gari linalothubutu kuipita peke yake. Nilisimama mlangoni nikitazama zikishusha. Sukari, mchele, majani ya chai, mafuta ya taa. Kila mwenye duka kapata chake. Mimi sikupata hata kiberiti. Nilipomuuliza utingo, aliniambia mzigo wangu umekosa nafasi. Lori tatu nzima, na magunia yangu mawili ya sukari yakakosa nafasi! Hata yeye mwenyewe alisema kwa sauti ya mtu aliyefundishwa la kusema.

Sababu naijua. Mji mzima unaijua. Ni mdomo wangu wa jana barazani, na jana hiyo hiyo Haji alipiga simu Nairobi lori zikiwa bado zinapakiwa.

Mashine ya kuvuta maji ya mto Tana ilikufa kabla ya Ramadhani, na tangu hapo mifereji ya mjini inatoa upepo tu. Sisi wenye chochote tunanunua maji kwa wenye punda. Wasio na kitu wanashuka mtoni na madebe yao, na mtoni kuna mamba. Wiki iliyopita mamba alimkamata Talaso mguu. Talaso ni jirani yangu, Mborana aliyeletwa hapa kutoka pande za Wajir baada ya jeshi kutwaa mbuzi wao wote, na mumewe hadi leo hatujui yuko jela au yuko kaburini. Wanawake waliokuwa naye walimvuta huku, mamba akamvuta kule, na wanawake wakashinda. Mguu bado anao, ila hospitalini hawasemi kama utamsimamisha tena. Sasa binti yake ndiye anayeshuka kuteka maji, pale pale alipokamatwa mama yake.

Kila asubuhi namwona akipita na debe kichwani, na kila asubuhi roho yangu inashuka naye mpaka atakaporudi.

Kwa hiyo Bwana D.O. aliitisha baraza. Ni kijana wa bara, mpole kwa sura, koti halimtoki hata kwenye joto hili. Alisema serikali itatoa nusu ya gharama ya mashine mpya, nusu nyingine itoke kwetu, kwa kuwa fedha nyingi zimekwenda kwenye vita. Swali likabaki moja: nusu yetu itoke kwa nani?

Haji Guled alisimama wa kwanza, kama anavyosimama wa kwanza popote. Lori ni zake, ghala ni lake, zizi la mbuzi wa mnada lililo nyuma ya msikiti ni lake. Alizungumza Kiswahili ili D.O. amsikie bila mkalimani. "Mimi nasema maneno moja tu. Kila nyumba atoe sawasawa. Tumbo ya tajiri na tumbo ya maskini iko sawa, maji nakunywa sawa. Na mtu hapana lipa, hapana chota."

Watu wengi walitikisa kichwa kukubali. Nakiri kwamba hata mimi, kwa mara ya kwanza kulisikia, lilinipendeza sikioni. Sawasawa ni neno tamu. Lakini hesabu yake ni nini? Ni kwamba Haji atatoa kiasi kile kile atakachotakiwa Talaso, naye Talaso hana, kwa hiyo mtoto wake atarudi kwa mamba, safari hii kwa amri ya baraza. D.O. alifurahi. Ukitoza sawasawa, karani anapita nyumba hadi nyumba na kazi imekwisha.

Akasimama mzee mmoja wa kule manyatta, kwenye kambi walikosombwa wafugaji na kuzungushiwa seng'enge. Alisema kwa Kisomali, kwa utulivu, "Mlichukua ngamia. Leo mmerudi kuchukua na kamba?" Kisha akakaa. Mkalimani alimwambia D.O. kwamba mzee anaomba afikiriwe. Waliojua Kisomali walicheka chini kwa chini, kicheko cha watu waliochoka.

Mzee yule ana haki, na hapo ndipo ninapojikanyaga mwenyewe. Serikali hii siipendi. Nimeona wanaume wazima wakilala kifudifudi juani nusu siku kwa kosa la kutokuwa na pasi. Ila mamba hamuulizi mtu kama anaipenda serikali. Maji ni yetu, mashine ikija itakuwa yetu, na nikisusa kwa ajili ya hasira zangu atakayelia ni mtoto wa jirani.

Sasa nieleze ujinga wangu.

Huku mwanamke hasemi penye shir, mkutano wa wanaume. Akiwa na neno, humpa mwanamume wa nyumbani kwake alipeleke. Mimi mzaliwa wa Faza, Mbajuni niliyeolewa huku na marehemu Yusuf, nimeifuata desturi hiyo miaka yote bila kunung'unika. Ugenini ni adabu. Basi juzi nikamwita shemeji yangu Dahir, mdogo wake Yusuf, nikampa neno langu kama anavyopewa mtoto sura ya kuhifadhi. Nikasema mchango uende kwa mali. Mwenye lori atoe cha mwenye lori, mwenye duka atoe cha mwenye duka, na aliyenyang'anywa mifugo asitoe kitu. Fedha zikae kwa wazee, si ofisini kwa D.O., na zinavyotumika zisomwe hadharani kila Ijumaa baada ya sala. Dahir aliyarudia yote vizuri. Akanywa na chai yangu.

Dahir ni dereva wa Haji Guled, wa gari lake la nyumbani. Hilo nalijua tangu siku nyingi, na bado nilimtuma. Niliona haya kumpita yeye na kumwendea mwanamume wa nje. Ndiyo maana nasema ujinga.

Zamu yetu ilipofika alisimama, akakohoa, akasema mjane wa Yusuf anawasalimu wazee na yuko pamoja na Haji.

Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka wanawake wenzangu tuliokaa nao nyuma wakinivuta buibui nikae. Nikamwambia D.O. moja kwa moja, kwa Kiswahili cha mama yangu, kwamba neno lililosemwa si langu, na langu nimekuja nalo mwenyewe. Nikalisema lote, kwamba mchango uende kwa mali.

 Pakawa na kelele.

Haji alingoja kelele ziishe. Hakukasirika, ana akili kuliko hivyo, akaniita mama. "Hooyo, wewe mtu ya pwani, hapana jua mambo ya mifugo. Sisi hapana hesabu ngamia. Ngamia nahesabiwa, jicho naingia, nakufa yote. Na hesabu yangu jeshi nasikia, kesho jeshi nachukua. Na ngamia yangu iko wapi? Iko mbali, Diff huko. Mimi hapa mjini maskini kama wewe, wallahi."

La jeshi lilikuwa na ukweli, nikalikubali mbele ya watu. Nikasema basi ngamia tuwaache Diff na jicho lao. Tutoze vinavyoonekana na kila mpita njia: lori, ghala, duka, na mbuzi wa mnada. Nikamuuliza, "Kama tumbo ni moja, Haji, wale mbuzi zizini kwako, mashine ilipokuwa nzima, walikuwa wanakunywa kwa tumbo la nani?" Nikamkumbusha zaka. Mwaka ukitimia, mwenye ngamia watano anatoa mbuzi mmoja, na asiye nao hadaiwi. Dini haikusema sawasawa. Na zaka haitoki bila kuhesabu, kwa hiyo ama Haji huhesabu ngamia wake na hawafi, ama hatoi zaka. Achague moja mbele ya jamaa.

Hapo nilivuka mpaka, najua. Mtu haulizwi zaka yake hadharani. Mzee wa manyatta alishika ndevu zake akatazama mbinguni.

Lakini nilikuwa nimekwisha kulowa, basi nikaoga. Nikasema, "Kama mnadhani nasema kwa kuwa kitakachokatwa ni cha mwenzangu, anzeni na duka langu. Leo hii. Pimeni, semeni, nitatoa. Na bei itakayolitosha duka langu moja, mjue lori tatu ni zaidi ya hiyo."

D.O. alifunga baraza. Alisema atarudi Jumatatu kutoa uamuzi.

Njia yote ya kurudi nyumbani nilikuwa jasiri kama simba. Nilipofunga mlango nililia mpaka kanga ikalowa. Nina watoto wawili, na duka hili ndilo baba yao. Hapa Garissa duka lisilo na sukari ni banda tu, watu wanapita na kukuamkia, waende zao kununua kwingine. Imebaki nusu gunia. Haji anajua hivyo, kwa kuwa kila gunia nililowahi kuuza limepanda lori lake.

Leo alasiri Dahir amekuja. Alisimama nje kama mgeni mpaka nilipomkaribisha. Nilimpa chai, maana ni damu ya Yusuf na mimi sikulelewa kumnyima mtu chai, ila sikumpa uso.

"Abaayo, wewe nafunja nyumba yako mwenyewe," akaniambia, akiniita dada. Ametumwa. Haji anataka neno moja tu, nalo lipitie kwake Dahir kwa desturi: kwamba nilighadhibika, kwamba sikuelewa, kwamba niko pamoja na wazee. Lori zinarudi Nairobi kesho, na nikituma neno hilo magunia yangu yatapata nafasi.

Nisijidanganye hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kudanganywa: nilifikiria kukubali. Niliwatazama watoto wakicheza karata uani, nikafikiria.

Kisha Dahir, nadhani kwa kuogopa jibu langu, akaanza kusimulia habari za asubuhi nyumbani kwa Haji. Wanawake wa manyatta, wale wanaopita alfajiri kuuza maziwa ya mbuzi wachache waliobakiziwa, leo walilipita geti la Haji bila kusimama. Mke wa Haji akatoka mbio na birika mkononi kuwaita. Wakamjibu kwa adabu kabisa kwamba maziwa yake yako Diff, atume watu wakayafuate. Na wale mbuzi wa zizini ni madume watupu wa kuchinjwa. Haji Guled, mwenye ngamia wasiohesabika, amefungua kinywa kwa chai ya rangi.

Dahir alijikaza asicheke. Ni dereva wa mtu, ana mshahara wa kulinda. Alishindwa, chai ikampalia, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma, watoto wakaja kuchungulia.

Nikamuuliza maziwa yale walimuuzia nani. Hawakumuuzia mtu. Waliyapeleka hospitalini, kwa Talaso na wagonjwa wenzake. Nikaacha kucheka. Maziwa yale ndiyo unga wao. Siku wasipouza, hawali. Ni wao waliomvuta Talaso kutoka kinywani mwa mamba, na jana barazani walikuwa wakinivuta buibui nikae, nikadhani wananionea haya. Kumbe walihofia litakalonipata. Na hakuna aliyewaomba kitu, mimi sikuwatuma.

Dahir akauliza amwambie nini Haji.

Nikamwambia asimwambie neno. La kwangu nalipeleka mwenyewe siku hizi. Aliinama, akaaga, na mlangoni akasema kitu sikukitarajia, kwamba Yusuf angalikuwa hai jana, angalicheka. Sijamsamehe. Lakini nitaendelea kumpa chai.

Jua linazama, lazima nifunge dirisha. Kesho nafungua duka na nusu gunia langu, na kwanza kabisa nitampimia binti wa Talaso, bila bei. Likiisha nitauza chumvi. Chumvi ikiisha nitakaa pale pale mlangoni, rafu tupu nyuma yangu, kila anayepita aone na aulize kwa nini, na kila atakayeuliza nitamwambia. Jumatatu D.O. akirudi atanikuta nimesimama, simtumi mtu.

Haji ana sukari yote ya Garissa. Aikoroge kwenye chai ya rangi.