Funga Breki

Kitale
Jumapili, 14 Januari 2024

Kwa Mama Nekoye,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Ivy anaendelea vizuri na tumbo lake, ingawa jioni miguu inamvimba. Wewe hujambo? Mgongo umepoa tangu mazishi ya Mzee Wakoli?

Nimepata trekta. Ni ndogo, ya dizeli, aina ile Wajapani hulimia bustani zao. Ilikuwa kwa mkulima mmoja wa Endebess, imekaa bandani hadi kuku wakaanza kutaga kwenye kiti. Nilikwenda kuiangalia na fundi Kipkirui. Tuliiwasha, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Kipkirui akasema, "Hii injini haijafa, imenuna tu." Klachi imeshikwa na kutu, radieta inavuja, na breki ya upande mmoja ni dhaifu. Yote yanatengenezeka. Huko kwako itapita kati ya migomba na kaburi la mzee, pale ambapo matrekta makubwa yalishindwa.

Niambie kama niichukue. Nilitaka kupiga simu lakini Ivy amenikataza.

Mimi mkweo,
Wanyoike


Lugulu
22 Januari 2024

Kwa mkwe wangu Wanyoike,

Barua imefika, na sukari pia. Asante. Mimi ni mzima. Mgongo huuma asubuhi, jua likipanda unanyamaza. Mwambie Ivy alale miguu ikiwa juu ya mto, na apunguze chumvi.

Alifanya vyema kukukataza simu. Usichukie. Labda kwenu mkwe ni kijana wa nyumbani, lakini kwetu Bukusu mama na mume wa binti yake hawashikani mikono wala hawakai benchi moja. Sauti yako ndani ya sikio langu ingekuwa kama umekuja kukaa kitandani mwangu. Barua ni sawa. Ina adabu yake.

Trekta ichukue. Nitakueleza sababu usije ukadhani ni tamaa ya uzeeni. Shemeji yangu Walubengo alikuja hapa na wazee wawili. Anasema ikifika Juni na shamba la kaka yake halijalimwa lote, ataliingiza kwenye miwa pamoja na lake. Aliniuliza mbele yao, "Wewe na jembe lako moja, ekari tatu mtamaliza mwaka gani?" Wazee wakacheka. Nikawapa chai.

Ng'ombe wa plau walichinjwa matangani. Nikikodi dereva, siku ya mvua atakuwa kwa mwingine. Ukija kulima wewe, watasema shamba limeolewa Kitale. Kwa hivyo nitaendesha mimi mwenyewe. Nilikuwa naendesha baiskeli ya marehemu hadi Webuye na gunia nyuma, sioni trekta itanishinda nini.

Mama mkwe wako,
Nekoye


Kitale
Jumapili, 18 Februari 2024

Kwa Mama Nekoye,

Salamu, na habari njema kwanza. Ivy alijifungua salama Jumatano. Ni msichana. Yule wa kwanza alipewa jina la mama yangu, Gathoni, na wa pili kwa desturi yetu ni wako. Basi humu nyumbani sasa kuna Nekoye, na analia kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Trekta inakwenda. Nikitoka kazini kwenye stoo ya mahindi napitia kwa Kipkirui. Tumeziba radieta, tumekaza breki ile dhaifu, tumezibua nozeli za mafuta, tumebadilisha dizeli iliyokuwa imelala kwenye tangi, na klachi tuliibandua kwa kuivuta trekta nyuma ya pikapu huku nimeikanyaga. Ilipoachia, nusura niruke mbele ya kiti. Kipkirui alicheka hadi akakaa chini.

Jambo moja ulisome polepole. Klachi iko mguu wa kushoto. Mguu wa kulia una pedali mbili za breki zilizo kando kwa kando. Moja inashika gurudumu la kushoto, nyingine la kulia. Kati yake pana komeo dogo la chuma. Ukiwa shambani unataka kugeuka mwisho wa mstari, fungua komeo, kanyaga moja, trekta itageuka palepale. Ukiwa njiani au unateremka, komeo lifungwe, pedali zote mbili ziende pamoja. Ukikanyaga moja kwenye mteremko itakuzungusha na kukuangusha.

Mkweo,
Wanyoike


Lugulu
3 Machi 2024

Kwa mkwe wangu Wanyoike,

Nakusalimu, na Nekoye mwenzangu namsalimu zaidi. Nilipomsomea Phelista, mwenzangu wa kanisani, sehemu ile ya jina alipiga vigelegele hadi mbwa wa jirani wakaitika. Mwogesheni na maji ya vuguvugu, si ya moto kama Gathoni mlivyomfanyia.

Habari ya breki nimeisoma mara nyingi. Nimechora pedali kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, nakaa kwenye kigoda nafanya mazoezi. Phelista anasema nimerukwa na akili.

Tatizo ni siku ya kunifundisha. Ivy ana mtoto mchanga, hawezi kuja kusimama kati yetu. Nimeamua hivi: wewe utasimama kwenye migomba, Phelista atakuwa katikati, unamwambia yeye, yeye ananiambia mimi. Ana mdomo, hilo unalijua. Hata injini haitamshinda.

Mvua imeanza kunukia huku. Njoo na trekta upesi.

Mama mkwe wako,
Nekoye


Kitale
Jumanne, 19 Machi 2024

Kwa Mama Nekoye,

Sijui niulize vipi hali yako wakati hali yako niliiona kwa macho. Ivy anasema usiku wa jana umelala kidogo hapo hospitalini, na kwamba uvimbe wa mguu haujashuka. Tunakuombea hapa asubuhi na jioni.

Umemuuliza Ivy trekta ilipinduka kwa nini. Amekujibu kwamba ni ajali. Acha nikujibu mimi.

Ulilima vizuri. Mistari ile ya juu ilinyooka kuliko yangu, na kila mwisho ulifungua komeo na kugeuka kama nilivyoandika. Kisha ukasimama juu ya mteremko, hatua chache kutoka kwenye migomba niliposimama, injini ikinguruma polepole, ukaangalia mtaro ulio chini. Nikaona komeo linaning'inia. Hukuwa umelifunga.

Nikamwambia Phelista, "Mwambie afunge komeo la breki kabla hajashuka." Yeye akapaza sauti, "Mama Ivy, anasema ufunge bleki." Wakati huo ulikuwa umeachia klachi na trekta imeanza kushuka. Ukasikia kama anavyosikia dereva yeyote. Ukafunga breki. Mguu ukapata pedali moja, trekta ikazunguka na kukupindukia mtaroni.

Phelista hana kosa. Neno nililompa lilikuwa refu, na alibeba lile alilolielewa.

Lakini kabla hujaachia klachi, mimi nilikuwa karibu nawe kuliko yeye. Ningetembea nikalifunga mwenyewe. Nililiona, na nikaona pia lilipo, chini kabisa kati ya miguu yako, na wewe umekaa kwenye kiti na gauni. Ningelazimika kuinama pale mbele ya wanawake wa kanisa waliokuja kutazama, mkwe mbele ya mama mkwe. Nikaona haya. Badala ya kwenda, nikatuma neno.

Baadaye nilikubeba mikononi hadi kwenye pikapu, na hakuna aliyekumbuka adabu, hata mimi.

Mkweo,
Wanyoike


Kitale
Jumapili, 7 Aprili 2024

Kwa Mama Nekoye,

Salamu. Natumaini umefika nyumbani salama kutoka hospitali na mguu unapata nafuu. Ivy ameniambia wameweka vyuma.

Hujanijibu, na sikudai jibu. Huku mvua imekubali, watu wote wamepanda. Nikimwogesha Nekoye mdogo jioni namshika kifundo cha mguu, kinaenea kati ya vidole vyangu viwili, halafu nashindwa kuendelea. Ivy humalizia.

Ukitaka nije niiondoe hiyo trekta uani kwako, tuma neno kwa mtu yeyote. Nitakuja usipokuwepo.

Wanyoike


Lugulu
29 Aprili 2024

Kwa mkwe wangu Wanyoike,

Nakusalimu wewe na watoto. Mimi nipo. Natembea kwa mkongojo hadi mlangoni na kurudi.

Kama ulidhani nimekasirika, sikukasirika. Nilikuwa sijui nikuandikie kama nani. Mkwe aliyenibeba kifuani mwake mbele za watu, huyo kwetu hatujampa jina.

Wazee wamekuja. Wanataka kondoo achinjwe ili tutakaswe, mimi na wewe, kwa sababu ulinigusa. Walubengo naye anasema trekta ndiyo yenye mkosi, iuzwe vyuma chakavu. Alisimama pale kwenye mtaro akipima kwa hatua miwa itaanzia wapi. Nikamwambia Juni bado haijafika. Nikawaambia wazee kondoo atachinjwa nikishamaliza kulima, si kabla.

Phelista haongei. Amekuja na wanawake wa kanisa wamelima kwa jembe kipande cha juu, hadi kwenye kaburi. Wewe mwandikie. Mimi nimejaribu.

Sasa sikiliza. Daktari anasema kifundo cha mguu wa kulia hakitakunjika tena. Mguu wa kushoto ni mzima, kwa hivyo klachi ninaiweza. Breki ndiyo siiwezi. Vijana waliinyanyua trekta, wakaitoa mtaroni, na Kipkirui alipokuja kuitazama aliiwasha. Nilimuuliza kama breki zote mbili zinaweza kuunganishwa na chuma kimoja kinachopanda juu, nikavuta kwa mkono. Akasema inawezekana, ila lazima kipimwe na mtu mwenyewe amekaa kitini. Kikiwa kirefu mno sitakuwa na nguvu, kikiwa kifupi mno nitainama nikose kuona mbele. Alitaka kunipima, nikamkatalia. Huyo simjui.

Njoo Jumamosi na futi yako. Nitakaa kwenye kiti cha trekta. Utasimama kando yangu, unishike mkono, unipime kutoka begani hadi kiganjani, kisha upime ninapofika nikivuta. Usimtume mtu. Walubengo akitaka kutazama, uani kuna viti.

Maharagwe bado yanaweza kupandwa. Uje mapema, jua likiwa chini, maana siwezi kukaa muda mrefu mguu ukining'inia.

Mama mkwe wako,
Nekoye