Kiti cha Hooyo Katika Ndege ya Kukodi

Bulapesa,
Isiolo.
14 Machi, 2018.

Mpendwa kaka Abdiwahid,

Salaam aleikum. Hamjambo huko Doha, wewe na shemeji Istar? Joto na kazi vinakwendaje? Sisi wazima, ila mimi tangu juma lililopita situlii. Nakaa, nainuka, nachungulia njia. Ngoja nikueleze.

Jicho la kulia la Hooyo, mama yetu, liliingia giza ghafla, kama pazia limeshushwa. Daktari wa hapa akasema utando wa ndani umebanduka: apasuliwe Nairobi upesi, na asitikiswe na barabara.

Ndege ya ratiba, ile ambayo kila mtu hukata tiketi yake, haikuwa na safari siku hiyo. Wakala mmoja, Njogu, akaniuzia kiti katika ndege ya kukodi. Sikuuliza maswali.

Uwanjani rubani, mwanamke aitwaye Jemimah, akatusimamisha kwenye ngazi. "Pole, mama. Ndege hii imekodiwa nzima na mtu mmoja. Leseni yetu hairuhusu kuuza kiti kimoja kimoja. Ukiumia, bima itakukana."

Nilimpigia kelele, kaka. Nilimwambia hana mama. Hakusogea. Hooyo akanishika mkono akasema basi turudi nyumbani, na hapo ndipo nilipolia.

Huka, mnunuzi wa ng'ombe aliyekodi ndege hiyo, alisikia yote akashuka. "Na akiwa mgeni wangu, bila kulipa kitu?"

Jemimah akapiga simu ofisini kwao. Jibu likaja: mgeni wa mwenye kukodi anaruhusiwa, mradi jina lake liandikwe na nauli isichukuliwe. Njogu, aliyekuwa ametusindikiza uwanjani, alirudisha pesa pale pale, macho chini. Rubani yule yule akamfunga Hooyo mkanda kwa mikono yake.

Nafasi ilikuwa moja, nikabaki. Tangu hapo chai inapoa mbele yangu, na kila mlio wa ndege unanitoa nje. Alipasuliwa salama, lakini hata sasa sijatulia, maana daktari amemkataza kupanda ndege mpaka jicho lipone.

Binamu Abdisalan, anayekaa na Hooyo Nairobi, nitamwambia umemshukuru. Habari za huko Kinna ni njema, shangazi Habiba anakusalimu. Mungu awafunike kwa rehema yake huko ugenini.

Leo asubuhi bandeji imetolewa. Hooyo akanipigia simu mwenyewe, amefumba jicho la kushoto, anatazama picha yako ukutani kwa Abdisalan. "Habon," akasema, "mbona Abdiwahid amenenepa hivi na hamkuniambia?"

Dada yako akupendaye daima,
Habon