Maziwa ya Wakwe Zako

Mupwa wangu Kambale,

Ujue tangu pikipiki iliyonibeba kutoka Komanda iingie Bunia, watu wanaulizana kama gavana mupya amefika. Mimi najibu kwa upole tu: nimekuja kumuombea mupwa wangu bibi.

Lakini nimeona jambo. Kwa wakwe zako, mugeni wa posa anapewa kwanza maziwa mabichi, kibuyu kizima, na kuyakataa ni kumukataa binti. Nikayanywa yote mbele yao kama maji. Kabla sijafungua kinywa kusema lililonileta, tumbo likanguruma hata mbwa wao akasimama. Mimi huyu, niliyekula chatu wa porini bila chumvi.

Nyanya ya binti akaniuliza, "Muzee, kwenu munakula nini kila siku?"

"Fufu na sombe, majani ya muhogo, mama."

"Na maziwa, mara ya mwisho ulikunywa lini?"

"Nikiwa mutoto, ya mama yangu."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi tumbo lako lilishasahau hiyo kazi. Siye tunalikumbusha kila asubuhi. Kesho tutakupa ya kuganda, hayo iko mapole."

Kambale, vitoto vyao vinakunywa yale yale mabichi na kukimbia kucheza.

Wamekubali, utaoa. Furahi, umusalimie dada yangu, mama yako. Ila siku ya harusi, yule mwenye pikipiki umupe kiti cha mbele. Maneno yote ya posa alisema yeye. Mimi nilikuwa chooni.

Mujomba wako