Mandazi ya Wangui

Tetu, Jumapili

Kagure mwanangu,

Ng'ombe amezaa, na majani chai ni mengi. Wangui wako tulimpeleka hospitali. Ana miaka tisa na kilo hamsini na tano. Daktari akaniuliza, "Shosho, unamlisha nini?" Tangu uende Saudia, kila akikulilia nilimpa mandazi, akatulia. Majirani walinisifu, ati ninamlea mjukuu vizuri.

Sasa mandazi nimeacha kupika, na hapandi boda tena. Tunatembea pamoja hadi shuleni, pole pole. Juzi akasimama njiani akauliza, "Shosho, mama atarudi lini?" Mkono wangu ukaingia wenyewe mfukoni kutafuta mandazi, ukatoka mtupu.

Kagure, nimwambie nini?

Mama yako,
Nyawira