Mistari Myeupe ya Bendera

Soko la Oyugis,
Nyanza Kusini.
17 Desemba 1963

Mpendwa kaka Walter,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Kampala? Kile kifua chako kimepona? Sisi tu wazima, na mahindi tulivuna ya kutosha. Mama anatembea bila fimbo siku hizi, ila macho yamepungua nguvu.

Kwanza niwie radhi. Ile shuka nyeupe uliyomletea Mama nimeikata. Chifu alinipa kazi ya kushona bendera mpya kwa siku ya Uhuru, na kitambaa cheupe kilikuwa kimekwisha sokoni. Mama mwenyewe ndiye aliyeitoa sandukuni.

Nyeusi ni sisi wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika, kijani ni ardhi, na katikati kuna ngao na mikuki ya kuilinda. Hayo hayakuleta shida. Shida ilikuwa mistari miwili myembamba myeupe, ambayo chifu alisema ni amani.

Jumatatu ya wiki iliyopita Maurice, binamu ya mume wangu Zadock, aliingia dukani ninaposhonea na vijana watatu wa chama chake. Sikukuandikia habari hii mwezi wa Mei, kaka, lakini wakati wa uchaguzi ni hao waliompiga Zadock wangu kwa kuunga mkono upande mwingine. Mkono wake wa kushoto haunyooki hadi leo.

“Shemeji, fumua hiyo mistari myeupe,” Maurice aliniambia. “Hii imetokana na bendera ya chama chetu, na yetu haikuwa nayo.”

“Mchoro wa serikali unayo. Ni ya amani.”

“Amani na nani?”

Zadock alikuwa amesimama nyuma yangu, panga mkononi. Nilijua mtu atakufa pale pale.

Nikamnyooshea Maurice mkasi. “Na huyu hapa. Utazame mkono wake. Ukitaka, fumua mwenyewe, lakini fumua mbele yake.”

Aliupokea, akamtazama Zadock. Kisha akauweka mkasi juu ya cherehani, akatoka, na vijana wakamfuata. Nikalichukua panga mkononi mwa Zadock.

Alhamisi bendera ilipanda na mistari yake. Zadock na Maurice walisimama mbali mbali, hawakusalimiana.

Lakini jana Maurice alikuja peke yake na suruali iliyochanika goti. Nilikuwa nimeenda kisimani. Zadock ndiye aliyeipokea, akampa kiti, na niliporudi niliwakuta wamekaa pamoja, suruali ikiwa mapajani mwa Zadock.

Msalimie sana wifi Monicah na watoto. Mama anauliza kama mtakuja Krismasi. Mungu awalinde kazini na safarini.

Dada yako akupendaye siku zote,
Phelesia